Msimu Niliofunga Mdomo

Shamba la Lathbury, Ardhi ya Van Diemen

4 Septemba 1836

Ng'ombe wa kwanza amezaa asubuhi hii, basi msimu wa jibini umeanza na mimi naanza kuandika. Karatasi zenyewe ni za kufungia chai. Dorcas mpishi ananiwekea badala ya kuwashia moto, nami nazinyoosha kwa chupa ya maji ya moto. Kuandika nilifundishwa kanisani kwetu Somerset na mwalimu aliyetumaini nitakuja kunakili Zaburi. Mungu amfariji.

Jina langu ni Keziah Trott. Nilivushwa bahari hadi kisiwa hiki kwa kifungo cha miaka saba kwa sababu niliiba jibini mbili, zilizotengenezwa kwa mikono hii hii, kutoka chumba nilichokuwa nakifagia mwenyewe. Mahakama iliziita mali ya mwajiri wangu. Sibishani na mahakama, lakini zilikuwa jibini nzuri, na mle kijijini hakuna mwingine aliyejua kuzitengeneza.

Mwishoni mwa Februari nitakuwa nimetimiza muda wa kupata ruhusa, ile hati ya Gavana inayomwezesha mfungwa kujitafutia kazi na kulala anapotaka, mradi asitoke kisiwani. Wengine wanaitaka ruhusa ili wanywe pombe bila kuulizwa. Mimi naitaka kwa ajili ya Tamsin. Alikuwa na miaka miwili tuliposhuka melini. Alipotimiza mitatu walimchukua wakampeleka nyumba ya yatima kule Hobart, kama wanavyowachukua watoto wote wa wafungwa. Yatima mwenye mama. Mwenye ruhusa, akionyesha kwamba ana kazi na paa, hurudishiwa mtoto wake. Sharti ni moja tu: nisitiwe hatiani kwa kosa lolote kabla ya Februari kwisha. Nimekaa kisiwani miaka mitatu na nusu bila kosa. Msimu mmoja utanishinda nini?

7 Septemba

Mvua kutwa. Ng'ombe watatu zaidi wamezaa.

12 Septemba

Leo nilipeleka siagi jikoni, nikamwambia Dorcas kwamba Februari nitakuwa mtu wa kujitegemea. Dorcas ni wa London, alikuwa mchomoaji wa mifukoni, na hakuna siri ya kisiwa hiki asiyoijua. Hakupongeza. Alinitazama kwa huruma, akaendelea kukanda unga.

"Shoga, hebu nikuulize. Hapa nani hupata ruhusa kwa wakati?"

"Mwenye tabia njema."

"Mvivu. Mvivu ndiye hupata ruhusa kwa wakati. Bwana wake mwenyewe humwombea, apate kumtoa machoni. Lakini fundi? Fundi, ruhusa ikikaribia, ghafla anaanza kuwa fidhuli. Ufidhuli unamshika kama surua. Humjui yule mhunzi wa Kapteni Orde? Mara tatu kapelekwa kwa hakimu, mara tatu kwa ufidhuli, mara tatu ruhusa imerudishwa nyuma. Na jamaa ni bubu."

"Bubu anakuwaje fidhuli?"

"Alitazama vibaya."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia jibini yangu inaliwa mezani kwa wakubwa Hobart, na Bwana Lathbury, ambaye Serikali imetugawa kwake tumtumikie, anaitwa fundi wa jibini na watu ambao hawajawahi kumwona akishika ndoo. Mtu wa namna hiyo ataniacha niende zangu kwa hiari yake? Atangoja neno moja tu linitoke, mbele ya shahidi, basi.

"Basi nitafunga mdomo," nikasema.

Hapo ndipo Dorcas alipocheka, akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la unga.

20 Septemba

Mudge amenivaa kisimani. Mudge ndiye mnyapara wetu. Alikuja kisiwani na pingu miguuni kama sisi, kutoka Devon, akamaliza kifungo chake, na sasa anatuamrisha kana kwamba alizaliwa na fimbo mkononi.

"We Trott," kasema, "nasikia mwanao kule kwa yatima anafundishwa kufagia. Vizuri. Mtoto wa mwizi atafute mapema cha kushika mkononi."

Nilitua ndoo. Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu, ni kuku tu. Nikamwambia kwamba mama yake angejua mapema kuwa atakuwa na sura ile, angempeleka yeye kwa yatima, na yatima wangemrudisha. Akatema mate, akaenda zake.

Nimeahidi kufunga mdomo juzi tu na tayari umefunguka wenyewe. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata gegedu. Kesho nitaitwa kwa hakimu.

21 Septemba

Sikuitwa. Jibini mbili kubwa.

3 Oktoba

Bibi Lathbury amesimama mlangoni pa chumba cha maziwa asubuhi nzima. Huyu ni binti wa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Bath, mwembamba, havui glavu hata akila tunda. Ana miaka miwili hapa na sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "Trott, maziwa ya chai." Leo alisimama tu, macho mikononi mwangu. Nilipomkaribisha ndani akasema, "Hapana, endelea," akabaki pale pale.

Nimeelewa. Mume kamtuma mkewe awe shahidi. Nikafanya kazi yangu kimya kama maiti, na kila aliponitazama nikaitikia "Ndiyo, Bibi" hata alipokuwa hajasema kitu.

9 Oktoba

Amekuja tena. Na tena. Mvua haikomi, na ng'ombe wanatembea kwenye tope mpaka magotini.

15 Oktoba

Leo ameingia. Nilikuwa nakata maziwa yaliyoganda, kazi isiyotaka kukatizwa, na yeye akaja karibu mpaka nikasikia anavyopumua. Nikangoja lawama. Akasema, polepole sana:

"Trott, unaweza kunifundisha?"

Nilidhani ni mtego. Nikamwuliza anataka kufundishwa nini.

"Hicho. Chochote. Nyumbani kwetu sikufundishwa kazi, hapa sina kazi. Mume wangu huniambia habari za kondoo. Nimechoka na habari za kondoo, Trott."

Kumbe hakuwa akinipeleleza. Alikuwa mlangoni siku zote hizi akitafuta ujasiri wa kuingia katika chumba chake mwenyewe. Niliona haya kidogo, kisha nikaona nafasi. Nikimfundisha huyu, chumba cha maziwa kitakuwa na mwenyewe. Jibini itakuwapo na mimi nisipokuwapo, na Lathbury hatakuwa na sababu ya kunizuia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nitainama mpaka Februari.

Nikamwambia jambo la kwanza ni kuvua glavu. Alizivua. Vidole vyake ni vyeupe kuliko maziwa yenyewe.

28 Oktoba

Bibi anajifunza upesi kuliko nilivyotarajia, na anamwaga zaidi ya nilivyotarajia. Leo amejua kupima joto la maziwa kwa kiwiko. Alipopata sawasawa alicheka kwa sauti, akaziba mdomo kana kwamba ameiba kitu. Ananiita Keziah sasa, tukiwa peke yetu.

Akaniuliza kama nimewahi kufika Bath. Nikamwambia, "Hapana, Bibi, lakini tulikuwa tunawauzia jibini zilizoharibika, kwa kuwa walikuwa hawatambui." Alicheka mpaka machozi. Nampenda, nisiseme uongo.

6 Novemba

Mudge tena, safari hii mtoni nilipokuwa nasuuza vitambaa. Alianza na Somerset, kwamba kwetu watu na ng'ombe hulala zizi moja, akaja kwa marehemu baba yangu, akamalizia na Tamsin. Nilistahimili Somerset. Kwa baba yangu nilistahimili nusu. Alipofika kwa Tamsin nikamjibu kwa urefu, na nilipomaliza hata maji yalikuwa yametulia.

Akasema "Haya," akaondoka. Sikuitwa kwa hakimu. Mtu huyu ama ni mwoga ama ni mjinga. Ningekuwa yeye, ningeleta shahidi.

7 Novemba

Joto limeanza.

20 Novemba

Bibi amerudi kutoka Hobart, na bila kuombwa alipita nyumba ya yatima akamwona Tamsin. Alinisimulia tukiwa tunageuza jibini rafuni, na mimi niligeuza ile ile mara nne.

Amerefuka. Nywele zimekatwa fupi, kama za wote. Meno mapya mawili ya mbele yameota. Bibi alimwuliza jina lake, akajibu "Trott, Bibi," kwa adabu kubwa. Hakusema Tamsin. Bibi alidhani habari ya adabu itanifurahisha.

Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi. Mudge alipita, akaniona, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

25 Desemba

Krismasi ya jua kali. Dorcas ameoka nyama ya kangaruu na kuiita bata. Bwana Lathbury alitupa sote glasi ya pombe, akainua yake na kusema mwakani atatengeneza jibini maradufu. Alikuwa ananitazama mimi aliposema mwakani.

8 Januari 1837

Upepo wa kaskazini siku ya nne. Mikaratusi inaungua upande wa pili wa kilima na moshi umeingia mpaka ndani ya maziwa. Majani yamekauka, ng'ombe wanatoa nusu. Kila mtu ana hasira. Dorcas na mimi tumegombana kwa sababu ya kijiko.

11 Januari

Kijiko kilikuwa mfukoni mwake. Anasema ni mazoea.

22 Januari

Leo Bibi ametengeneza jibini nzima peke yake, mwanzo mpaka mwisho, mimi nikiwa nimekalia mikono yangu kwenye kigoda. Maziwa machache, joto la kutisha, moshi, na bado imetoka nzuri. Ningeila bila kulazimishwa. Alinishika mabega, mikono yote imejaa maji ya maziwa, akasema, "Keziah, nimeweza."

"Umeweza, Bibi. Hunihitaji tena."

Niliyasema kwa furaha, kwa sababu ilikuwa ndiyo shabaha yangu tangu Oktoba. Yeye akaacha kucheka. Nikadhani amechoka.

30 Januari

Naandika haya nikiwa sijui kama nimefanya busara au nimejikata mguu.

Bibi alikuja mapema, akafunga mlango, jambo asilolifanya kamwe kwenye joto hili.

"Nimezungumza na mume wangu," akasema. "Tunaweza kumwomba Gavana atuletee Tamsin hapa. Ndani ya mwezi mmoja. Atalala na Dorcas, atajifunza kazi za ndani. Nawe utabaki na sisi."

"Na ruhusa yangu, Bibi?"

"Ruhusa ya kwenda wapi? Kwa nani? Utakwenda kumfanyia kazi mtu usiyemjua. Hapa una mtoto, una chumba hiki, una mimi. Baki, Keziah. Sema utabaki."

Nilikuwa na upawa mkononi na sikujua niuweke wapi. Mtoto wangu, ndani ya mwezi. Ningemsikia akikohoa kupitia ukuta. Nilitaka kusema ndiyo, tumbo lote lilitaka kusema ndiyo. Kisha nikamwona Tamsin akiwa na miaka saba amebeba majivu ya jikoni. Nikamwona na miaka kumi, anaitwa Trott kutoka ngazi ya juu, na mimi niko chini nasikia na sina la kusema, kwa kuwa mimi na yeye tutakuwa mali ya nyumba hii kama ndoo zake. Mama wa namna hiyo yupo karibu na hayupo.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Nakushukuru sana, lakini hapana."

Sijawahi kusema neno kwa upole kama nilivyosema lile. Bibi alinitazama. Akachukua glavu zake dirishani, akazivaa, kidole kimoja kimoja, akatoka.

31 Januari

Bibi hakuja.

2 Februari

Hakuja. Nilimsalimu uani, akasema, "Trott, maziwa ya chai."

6 Februari

Mudge amenikuta nyuma ya zizi, mahali pake pa matusi. Nikajiandaa.

"Umeshtakiwa," akasema.

"Na nani? Na wewe?"

"Na Bibi. Ufidhuli. Kukataa amri ya bibi wa nyumba. Alhamisi, kwa hakimu, Kapteni Orde."

Nilitafuta kitu cha kukalia nikakuta ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako. Msimu mzima nimemchunga Lathbury kwa jicho moja na Mudge kwa jicho la pili, na kwa mikono yote miwili nilikuwa nampakulia Bibi kila nilichonacho: kazi yangu, mizaha yangu, habari za kwetu. Nilimfundisha asiwe na haja na mikono yangu, na kumbe alichokuwa anakihitaji ni mtu wa kuzungumza naye. Hapa duniani pote mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijenga ukuta wa gereza langu kwa uhodari wangu mwenyewe. Hata hasira ilichelewa kuja.

"Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa," Mudge akasema. "Usiongeze hata neno."

"Tangu lini unanipa ushauri?"

"Tangu Septemba, punguani we. Unadhani kwa nini nilikuwa nakutukania kisimani na mtoni? Jikoni hakuna watu? Bwana aliniagiza nikuchokoze mpaka umjibu mnyapara mbele ya shahidi. Nikakuchokoza. Agizo ni agizo. Mashahidi nikakutafutia kuku."

Nikakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Kila tusi likarudi kichwani, na kila mahali aliponitukania: kisimani, mtoni, nyuma ya zizi. Kweli, hapakuwa na mtu hata mara moja.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mimi ni mwashi. Ile nyumba ya mawe nimejenga mimi, nikiwa mfungwa wa Lathbury. Ruhusa yangu ilikuwa tayari kuta zikiwa kiunoni. Nikawa fidhuli. Nikawa fidhuli tena kwenye paa. Nilipomaliza bomba la mwisho la moshi, siku hiyo hiyo nikawa na tabia njema."

Hakucheka aliposema haya. Akaniambia niondoke kwenye ndoo, ni ya nguruwe.

9 Februari

Nitaandika yote, hata kama nitamaliza karatasi.

Kapteni Orde husikiliza mashauri kwenye chumba chake cha kulia, kwa kuwa hakuna chumba kingine kikubwa. Makombo ya asubuhi yalikuwa bado mezani, na kabatini, juu ya sahani ya bluu, jibini yangu ikiwa imeliwa robo. Nilisimama mbele ya hakimu huku kazi yangu ikiwa nyuma yake. Karani wake alikuwa amekaa dirishani na kalamu. Bwana Lathbury alikaa karibu na Kapteni kama mgeni wa chakula, na Bibi pembeni, kofia imeshuka usoni.

Shtaka likasomwa. Mfungwa Trott alipewa amri na bibi wake akaikataa kwa kiburi. Ruhusa icheleweshwe mwaka mmoja. Mwaka mmoja. Tamsin angekuwa na saba. Lathbury akaeleza kwa masikitiko kwamba huu ni ufidhuli wa siku nyingi, na kwamba mnyapara wake atathibitisha. Akamwita Mudge bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeita mbwa wake.

Mudge akavua kofia. Alikuwa amenyoa.

"Umekuwa ukimsimamia huyu mwanamke?" Kapteni akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ni fidhuli?"

"Mheshimiwa, mwezi wa Septemba Bwana Lathbury aliniamuru nimchokoze kwa matusi mpaka anijibu mbele ya watu, ili ruhusa yake izuiwe na abaki kutengeneza jibini. Nimefanya hivyo msimu mzima. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanawake. Na naapa kwa Kitabu, hakuna mtu aliyewahi kumsikia akinijibu."

Kila neno lilikuwa kweli. Niliuma shavu kwa ndani, nikakaza macho kwenye makombo ya mkate, maana ningemtazama Mudge tu, mambo yangeharibika.

Lathbury alisimama akaketi akasimama. "Mtu huyu amelewa."

"Saa tatu asubuhi?" Kapteni akasema. Akamgeukia karani. "Hayo ya mnyapara si lazima yaandikwe."

"Nimeshayaandika, mheshimiwa," karani akasema, bila kuinua kichwa.

Hata mimi najua yanapokwenda maandishi hayo. Yanakwenda Hobart kwa Gavana, na bwana anayethibitika kuwachokoza wafungwa ili awazuie hunyang'anywa wafungwa wote, wa maziwa na wa kondoo. Kapteni alijua, na pia alikuwa anamfikiria mhunzi wake bubu, naona. Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Bibi kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Bibi Lathbury, tusahau ya mnyapara. Ulimpa mfungwa amri gani?"

Bibi akanyoosha glavu zake.

"Amri, Bibi. Ulimwamuru nini?"

Midomo yake ilicheza. Mumewe akasema, "Mwambie, mpenzi," na nafikiri hilo ndilo lililomfungua. Aliinua kofia. Tangu siku ya glavu hajanitazama, na sasa alinitazama mimi, hakumtazama hakimu.

"Nilimwomba abaki," akasema.

"Samahani, sikusikia."

"Nilimwomba abaki. Sikumwamuru. Nilimwomba. Na yeye akasema hapana."

"Kwa matusi?"

"Kwa upole kuliko mtu yeyote anavyosema na mimi katika nyumba ile."

Kapteni Orde alikusanya karatasi zake haraka sana. Kuombwa si kuamriwa, akasema, na shauri limefutwa, na kama Bwana Lathbury atakubali ushauri wa jirani, asiliguse tena.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa furaha au kwa kilio. Kilichonijia ni huruma, na iliniudhi, kwa kuwa mtu aliyetaka kuninyang'anya mwanangu sikutaka kumwonea huruma. Lakini nilimwonea. Nilipopita karibu naye nikasema, "Ile jibini yako ya Januari, Bibi, igeuze kila siku, la sivyo itapasuka." Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hatukusema lingine.

Mudge alifukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Dorcas anasema alipofungasha alikuwa anapiga mluzi.

15 Februari

Mvua, hatimaye. Lathbury hanisemeshi. Ninapumzika vizuri.

27 Februari

Ninayo. Imeandikwa jina langu, meli yangu, urefu wangu, nywele za hudhurungi, kovu la moto mkono wa kushoto. Hawakuandika kwamba ni mzuri wa kutazamwa, lakini nafasi ilikuwa ndogo. Mjane mmoja wa Richmond, hapa hapa kisiwani, Bi Tulk, ana ng'ombe wazuri na jibini mbaya. Amenipa kazi na chumba chenye dirisha.

Dorcas amenipa mkate wa zabibu, akalia, akasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu. Nilikagua mifuko yangu kabla ya kumkumbatia na baada ya kumkumbatia, naye akasema hiyo ndiyo heshima ya mwisho.

4 Machi

Mudge alikuwa anakwenda Hobart na mkokoteni wa maksai kutafuta kazi ya uashi, akanipakia. Tulipofika barabara kuu, yenye watu, mikokoteni na askari, alianza na Somerset. Nikamjibu kwa sauti yote niliyopewa na Mungu. Akaja kwa baba yangu, nikaja kwa mama yake. Watu walisimama kutusikiliza. Askari mmoja akauliza kama tumeoana. Sijafurahi namna ile tangu nivuke bahari. Habari ya Tamsin hakuigusa.

Kwenye nyumba ya yatima nilionyesha hati yangu na barua ya Bi Tulk, nikaambiwa ningoje nje ya lango. Nilingoja. Nilijitahidi kusimama kama mtu anayengojea mtoto wake kila siku.

Mlezi alimleta akiwa amemshika bega, akafungua lango, akamsukuma nje kidogo, akasimama na funguo zake. Nguo ya kijivu, nywele fupi, meno mapya mawili. Pua ni ya baba yangu. Akainama kwa adabu, mikono imefungwa mbele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mimi si bibi. Mimi ni mama yako, na wewe ni Tamsin."

Aliliwaza jambo hilo. Hakukimbilia mikononi mwangu, na mimi sikumvuta. Tutakuwa na siku nyingi.

"Utanirudisha lini?" akauliza.

"Sikurudishi."

"Hata nikiwa fidhuli?"

Sikujua kwamba neno lile wanawafundisha wakiwa wadogo namna hii. Nilichuchumaa macho yetu yakawa sawa.

"Hata ukiwa fidhuli."

Tamsin akageuka. Akalitazama lango, akamtazama mlezi na funguo zake, akamtolea ulimi, wote, mpaka shina. Kisha akanitazama mimi aone itakuwaje. Nikampa mkono, tukaondoka.